Kalavati la Baba

Tumetoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri,
mimi na Ndahani, kwa pikapu ya kuazima
yenye kioo kimoja kisichopanda
na dumu la maji kati ya miguu yangu.
Kigwe bado wamelala. Mbwa mmoja tu
ametubwekea mbukwa yake, tukapita.

Lami ni mpya, nyeusi, haina kumbukumbu.
Lakini pembeni, kama mke mkubwa
anayetazama harusi kupitia dirisha la jikoni,
inakwenda barabara ya zamani:
nyekundu, imeliwa na makorongo,
mara inazama vichakani,
mara inarudi karibu, karibu kabisa,
halafu inakata kona yake bila kuaga.

Hiyo ndiyo ya baba.
Miaka kumi na mitatu alikalia greda,
akirudi nyumbani sikukuu hadi sikukuu
na nyusi za vumbi,
na mama akisimama mlangoni na beseni:
Oga kwanza, ndipo uwe mume wangu.

Bahi. Kambale wakavu juu ya ungo,
mchele kwenye debe lililobonyea,
na mwanamke asiyepunguza hata shilingi mia.
"Mvua mmeiona huko mjini?"
"Tumeiona kwenye televisheni," anasema Ndahani.
Anacheka, anatuongezea samaki mmoja
mgumu kama soli.

Kintinku, chai ya rangi, chapati za jana.
Kisha Saranda: gari linapanda likinung'unika,
na nyuma yetu bonde lote linabaki chini,
rangi ya ngozi ya mbuzi
iliyowambwa juani.

"Baada ya Manyoni," anaanza Ndahani,
"kilomita ishirini na saba."
"Ishirini na tatu."
"Saba. Aliniambia mwenyewe."
Nami aliniambia mwenyewe.
Kalavati aliloandika jina lake kwa msumari
saruji ikiwa mbichi, mwaka themanini na sita:
kila mtoto alipewa namba yake.
Labda alisahau.
Labda alitaka tubishane njiani, tusisinzie.

Ishirini na tatu hakuna kitu. Upepo.
Ishirini na saba kuna tairi lililopasuka
na kunguru anayelikagua kama fundi.
Tukageuza gari. Tukawa hatusemi.
Tulikuwa tumeshakata tamaa,
tumesimama tu Ndahani akajisaidie,
alipopiga kelele kutoka kichakani.

Mbuzi saba kivulini mwake,
na mtoto wa miaka kama kumi
anayeitwa Mughenyi.
"Ninyi ni wa maji?"
"Hapana," akajibu Ndahani, akifunga zipu.
"Ni wa barabara. Ile ya zamani."
Mtoto akatutazama kwa huruma.

Tulipapasa saruji kwa viganja. Kijivu juu ya kijivu.
"Maandishi yanaonekana mvua ikinyesha," akasema.
"Mimi nimeyaona mara mbili."

Dumu lilibaki na maji ya chini, ya uvuguvugu.
Nilimtazama Ndahani. Ndahani akawatazama mbuzi,
ambao walikuwa wameshasikia mlio
na kuinua vichwa vyote saba.
Nikammiminia mtoto kikombe.
Akanywa taratibu, kama anayehesabu,
kisha akajaza mashavu,
akainama,
akapuliza.

M. CHILO—
herufi nyeusi, zimeinama kulia
kama mwandiko wake kwenye bahasha za ada,
na hiyo L ndefu yenye mkia,
na O isiyofungwa vizuri.
Jua likazinywa kabla hatujafika mwisho wa jina.

Hakuna aliyesema apulize tena.

Dumu tumemwachia, na kambale wote.
Ikungi tumekuta wauza kuku na matenga yao,
vitunguu vya mafungu, kijana anayevulia tairi kando ya njia,
na mimi nikiwa na kiu niliyoiheshimu, sikununua soda.
Karibu na Singida, jua likiwa usoni,
Ndahani akafungua mdomo kwa mara ya kwanza:
"Kwa hiyo ni ishirini na tano."
"Nne," nikasema.